Donald A. Mackenzie na Malkia wa Baridi: Maisha ya Mkusanyaji wa Visasili vya Kigaeli

1.0 Utangulizi

Katika historia ya ukusanyaji wa fasihi simulizi, ni mara chache sana kumkuta mtu mmoja ambaye kalamu yake imempa sura kamili mhusika wa kisasili, hata vizazi vilivyofuata vikamchukua mhusika huyo kuwa ni urithi wa kale usio na mwandishi. Donald Alexander Mackenzie, mwandishi wa habari wa Uskoti aliyeishi kati ya 1873 na 1936, ni mmoja wa watu hao wachache. Beira, Malkia wa Baridi, ajuza mwenye jicho moja na uso wa buluu iliyoiva, anajulikana leo na wasomaji wengi duniani kwa jinsi Mackenzie alivyomsimulia mwaka 1917. Makala haya yanaeleza maisha ya mkusanyaji huyo, na yanajaribu kupima ni kiasi gani cha Beira kilitoka vinywani mwa mafanani wa Kigaeli na ni kiasi gani kilitoka mezani pa mhariri. Suala hili si dogo. Wapo wanaomtumia Beira kama ushahidi wa dini ya watu wa Uskoti kabla ya Ukristo, na ushahidi wa namna hiyo hauwezi kukubaliwa kabla ya kujulikana ulivyopatikana.

2.0 Cromarty

Mackenzie alizaliwa tarehe 24 Julai 1873 katika mji mdogo wa Cromarty, ulioko kwenye ncha ya rasi iitwayo Black Isle, kaskazini-mashariki mwa Uskoti. Mwaka mmoja kabla ya kuzaliwa kwake ilikuwa imepitishwa sheria ya elimu ya 1872, iliyoweka mfumo wa shule za umma kwa watoto wote wa Uskoti bila kuipa lugha ya Kigaeli nafasi yoyote. Kizazi chake, kwa hiyo, ndicho kilichokuwa cha kwanza kusomeshwa chini ya sheria hiyo. Sensa ya mwaka 1891 ilihesabu wasemaji wa Kigaeli zaidi ya 250,000 nchini humo. Ile ya 2011 ilihesabu takriban 57,000 tu. Kazi yote ya Mackenzie iliandikwa katikati ya mporomoko huo.

Hali ya lugha katika Cromarty yenyewe ilikuwa ya namna ya pekee, na inafaa ielezwe kwa kuwa mara nyingi Mackenzie hudhaniwa kuwa alikulia katika kitovu cha Ugaeli. Haikuwa hivyo. Wavuvi wa mji ule walikuwa na lahaja yao ya Kiskoti, lugha iliyo jamaa ya Kiingereza na isiyo na uhusiano wa karibu na Kigaeli. Lahaja hiyo ilitoweka mwaka 2012 alipofariki msemaji wake wa mwisho. Kigaeli kilikuwapo pia, kikiwa kimeletwa kwa wingi na watu wa milimani waliokuja kutafuta kazi. Katika miaka ya 1780 walikuwa wengi kiasi cha kujengewa kanisa lao lililoendesha ibada kwa lugha hiyo. Mtoto aliyekulia hapo alisikia lugha mbili zikipakana, na hadithi zikivuka mpaka huo kwa urahisi kuliko sarufi inavyovuka.

Aidha, mji ule ulikuwa tayari na mtu wake mashuhuri wa masimulizi. Hugh Miller (1802–1856), mwashi wa mawe aliyejifunza jiolojia kwa juhudi zake mwenyewe, alizaliwa Cromarty, na mwaka 1835 alichapisha kitabu cha visakale vya kaskazini mwa Uskoti. Kwa hiyo wazo kwamba mtu wa kawaida, asiye na kiti cha chuo kikuu, anaweza kuyakusanya masimulizi ya kwao na kuyachapa halikuwa geni kwa vijana wa mji ule. Katika familia ya Mackenzie hali hiyo ilijidhihirisha mara mbili: kaka yake, William Mackay Mackenzie, alikuwa mwanahistoria, akawa katibu wa tume ya kifalme ya makumbusho na majengo ya kale ya Uskoti.

Jambo moja la utotoni lilikuja kuwa na uzito mkubwa katika maandishi yake. Ghuba ya Cromarty imekingwa na vilima dhidi ya pepo za kaskazini na mashariki, lakini upande wa kusini-magharibi kuna pengo linalopitisha dhoruba za ghafla wakati majira ya baridi yanapokaribia kwisha. Siku huanza shwari, mvuvi akatweka tanga, na kabla hajafika mbali bahari hubadilika. Wavuvi waliiita dhoruba hiyo kwa jina la mwanamke mpole, Annie. Wapo waliotaka kuliunganisha jina hilo na Anu, mungu wa kike wa Waayalandi wa kale, lakini kufanana kwa sauti peke yake hakuthibitishi nasaba. Maelezo mepesi zaidi ni kwamba hii ni tafsida: kile kinachoua huitwa kwa jina la upole ili kisichokozwe. Mackenzie, hata hivyo, alishikilia maisha yake yote kwamba Annie wa wavuvi wa kwao na ajuza wa baridi wa Wagaeli ni mmoja. Hapa ndipo palipo na chembe ya ushahidi alioupata mwenyewe, si kwa kusoma, na kwa sababu hiyo ni sehemu ya kazi yake inayostahili kuheshimiwa kuliko nyingi nyingine.

3.0 Maisha ya gazetini

Mackenzie alianza kazi ya uandishi wa habari mjini Glasgow. Mwaka 1903 alihamia Dingwall, mji mkuu wa jimbo la Ross, akawa mmiliki na mhariri wa gazeti la The North Star hadi 1910. Baadaye alifanya kazi Dundee katika gazeti la People's Journal, na kuanzia 1916 alikuwa mwakilishi wa gazeti la The Bulletin la Glasgow mjini Edinburgh. Aliishi kwa mshahara wa gazeti, na maandishi yake yana alama za kazi hiyo: wepesi, uwazi, na tabia ya kutomwacha msomaji akiwa na swali mkononi.

Vitabu vyake ni vingi. Mwaka 1909 alitoa diwani ya mashairi, Elves and Heroes, na mwaka uliofuata masimulizi ya Finn na mashujaa wake. Kisha kampuni ya Gresham ya London ilimkabidhi sehemu kubwa ya mfululizo wake wa vitabu vya visasili, na katika muda wa miaka michache akaandika juu ya Wajerumani wa kale, Misri, India, Babeli na Ashuru, na Krete. Baadaye akaongeza China, Japani, Marekani ya kale na visiwa vya Bahari ya Kusini. Mtu mmoja hawezi kuwa mtaalamu wa yote hayo, na Mackenzie hakuwa. Alikuwa msomaji mwenye bidii wa kazi za wataalamu na mfasiri wake kwa umma.

Kwa upande wa nadharia, aliegemea wale walioamini kwamba utamaduni husambaa kutoka vitovu vichache. Kitabu chake cha 1922 juu ya binadamu wa kale wa Uingereza kilitanguliwa na dibaji ya G. Elliot Smith, kinara wa mtazamo huo aliyeona Misri kuwa chimbuko la karibu kila kitu. Mwaka 1928 Mackenzie alikwenda mbali zaidi, akadai kwamba Ubudha uliwahi kufika Uingereza kabla ya Ukristo, akitegemea pamoja na mengine sanamu ya mtu mwenye pembe aliyeketi miguu ikiwa imekunjwa kwenye chungu cha fedha kilichopatikana Gundestrup, Denmark, mwaka 1891. Dai hilo halikupata wafuasi miongoni mwa wataalamu, wala halikustahili kuwapata. Linafaa kukumbukwa hapa kwa sababu linaonyesha namna akili yake ilivyofanya kazi: popote alipoona vitu viwili vinafanana, alitafuta uzi wa kuviunganisha, na mara nyingi aliupata.

4.0 Beira wa mwaka 1917

Kitabu cha Wonder Tales from Scottish Myth and Legend kilitolewa na Blackie mwaka 1917, vita kuu ikiendelea, kikiwa na picha za John Duncan, mchoraji aliyependa sana mada za Kikelti. Kilikusudiwa vijana. Hadithi yake ya kwanza ni ya Beira.

Katika hadithi hiyo Beira ni malkia na mama wa miungu yote ya Uskoti. Anatawala majira ya baridi kutoka kiti chake juu ya mlima Ben Nevis. Ndiye aliyeijenga milima kwa mawe aliyoyabeba katika tenga mgongoni, na kuyachonga mabonde kwa nyundo yake ya ajabu. Maziwa ya Uskoti nayo yametokana na visima ambavyo yeye au mtumishi wake walisahau kuvifunika jioni, maji yakafurika bondeni usiku kucha. Majira ya baridi yanapoanza hulifua shali lake kubwa katika mkondo wa Corryvreckan, na likishatakata na kuwa jeupe, theluji huifunika nchi. Kila mwaka hufikia uzee wa mwisho, kisha huenda kisiwani magharibi akanywa maji ya kisima cha ujana alfajiri, kabla ndege hajaonja wala mbwa hajabweka, akarudi kuwa msichana. Amemfunga binti mzuri aitwaye Bride, akimpa kazi isiyokwisha ya kufua sufu ya kahawia mpaka iwe nyeupe. Angus, mwana wa mfalme anayeishi katika kisiwa cha kijani, anamwona Bride ndotoni, anaazima siku tatu za mwezi Agosti ili bahari itulie, na anakuja kumtafuta. Beira hupambana kwa dhoruba moja baada ya nyingine, hushindwa, huitupa nyundo yake chini ya mti wa holi, na nchi huchipua.

Ni hadithi nzuri, iliyosukwa vizuri. Uzuri huo wa msuko ndio unaopaswa kumtia shaka mwanafunzi wa fasihi simulizi. Masimulizi yanayokusanywa kwa mafanani mbalimbali katika wilaya mbalimbali huja vipande vipande, yakipingana; huyu anasema ajuza aligeuka jiwe, yule anasema aligeuka nyoka au alilala tu. Katika kitabu cha 1917 hakuna kupingana, na hakitaji fanani wa kila hadithi, kijiji chake wala siku iliposimuliwa.

Ulinganisho na watangulizi wake unaiweka wazi tofauti hiyo. John Francis Campbell wa Islay (1821–1885), aliyetoa juzuu nne za ngano za Nyanda za Juu za Magharibi kati ya 1860 na 1862, alichapa Kigaeli pamoja na tafsiri, akataja majina ya mafanani, kazi zao na mahali walipoishi, na akawaagiza wasaidizi wake, kama mwalimu Hector MacLean, kuandika maneno kama yalivyotamkwa. Katika kazi hiyo mna ngano ya binti wa Mfalme wa Chini ya Mawimbi, ajaye usiku wa dhoruba akiwa ajuza wa kutisha kuomba kuota moto, na anapopokewa na Diarmaid hugeuka mrembo. Humo hatajwi kuwa malkia wa majira. John Gregorson Campbell (1834–1891), mchungaji wa kisiwa cha Tiree kwa takriban miaka thelathini, alikusanya imani za watu, na vitabu vyake vilitoka baada ya kufa kwake, mwaka 1900 na 1902. Kwake ndiko unakopatikana utaratibu wa majina ya dhoruba za mwisho wa baridi: feadag, yaani filimbi, gobag, yenye mdomo mkali, sguabag, ifagiayo, na hatimaye wiki ya ajuza mwenyewe, anayelipiga jani lisiote mpaka anaposhindwa na kukitupa kirungu chake chini ya holi. Naye Alexander Carmichael, katika Carmina Gadelica ya 1900, aliandika imani kwamba Bride huitia pumzi baridi iliyokufa kwa fimbo yake nyeupe.

Ukiviweka vipande hivyo mezani pamoja na visa vya mahali mahali vya maziwa na milima, sehemu kubwa ya Beira wa 1917 imo. Mackenzie hakubuni viungo; alibuni mwili. Dhoruba zilikuwa za kalenda ya wakulima, Bride alikuwa mtakatifu mwenye sikukuu tarehe 1 Februari, Angus alikuwa mhusika wa fasihi ya kale ya Ayalandi, na ajuza wa milimani alikuwa mlinzi wa paa na kulungu anayewapa au kuwanyima wawindaji bahati. Aliyewaweka wote katika kisa kimoja chenye mwanzo, pambano na mwisho ni yeye.

5.0 Majina na ushahidi wake

Isimu ina la kusema hapa, na ni ajabu kwamba wengi waliomjadili Beira hawakuanzia kwenye neno.

Mafanani wa Uskoti humwita Cailleach Bheur. Katika Kigaeli konsonanti ya mwanzo wa neno hubadilika kwa kufuata mazingira ya kisarufi, na b baada ya nomino ya kike hugeuka v, ambayo huandikwa bh. Umbo la msingi kwa hiyo huanza na b. Anayechukua Bheur akalirudishia b, kisha akalipa irabu ya mwisho inayolifanya lisikike kama jina la malkia, anapata Beira. Kisarufi hakuna kosa kubwa katika hatua hiyo, lakini matokeo yake ni kwamba sifa au jina la mahali limegeuzwa kuwa jina la mtu. Wataalamu wengine huhusisha bheur na maneno yenye maana ya ukali au uchomaji, kwa hiyo ajuza mkali kama upepo wa Januari; wengine huliona kuwa ni lile lile la rasi ya Beare iliyoko Cork, kusini-magharibi mwa Ayalandi. Huko Ajuza wa Beare anafahamika tangu shairi la Kiayalandi cha kale linalokisiwa kuwa la karne ya 9, ambamo mwanamke mzee anaulilia ujana wake. Katika shairi hilo yumo uzee, yumo bahari. Hakuna theluji anayoitawala.

Neno cailleach lenyewe lina historia ya kuvutia zaidi. Linatokana na caille, utaji, ambalo nalo ni neno la Kilatini pallium lililoingia katika Kiayalandi pamoja na Ukristo. Kiayalandi cha wakati ule hakikuwa na sauti p, na maneno ya mwanzo yaliyokopwa yaliipokea kama k: Pascha, sikukuu ya Pasaka, ikawa Cásc, na purpura, rangi ya zambarau, ikawa corcra. Cailleach, basi, ni mwenye utaji: kwanza mtawa, kisha mwanamke mzee yeyote, na mwishowe ajuza wa kutisha wa milimani. Mhusika anaweza kuwa na umri kuliko jina lake, kwani jamii hubadili majina ya miungu yake. Lakini anayedai kwamba jina hili ni la enzi za mawe anadai kisichowezekana.

Hali kadhalika kwa Corryvreckan, mkondo wa hatari kati ya visiwa vya Jura na Scarba. Kwa Kigaeli ni Coire Bhreacain, yaani chungu cha Breacan. Kamusi ya kale ya Kiayalandi inayonasibishwa na Cormac inamtaja Brecán kuwa mtu aliyezama na merikebu zake katika mkondo wa jina hilo, ingawa inauweka karibu na pwani ya Ayalandi. Sasa, breacan katika Kigaeli ni pia shali la sufu lenye mirabaraba. Kutokana na kufanana huko kwa maneno mawili, chungu cha Brecán kiligeuka beseni la kufulia shali, na ajuza akapatiwa kazi ya kufua. Hii ni etimolojia ya kienyeji, na si ya Mackenzie peke yake. Wasemaji wenyewe ndio huunda visa vya namna hii, na kisa kikishaundwa huwa ni mali halali ya jadi. Kosa ni kukitumia kama kumbukumbu ya ibada.

6.0 Miaka ya mwisho na baada yake

Mackenzie aliendelea na suala la ajuza hadi mwisho. Wengine walikuwa wamelishika pia: Eleanor Hull aliandika juu ya visa vya Ajuza wa Beare mwaka 1927 katika jarida la Folklore, na mwaka 1932 J. G. McKay alitoa humo humo hoja kwamba ajuza ni mabaki ya ibada ya mungu wa kike wa kulungu. Mwaka 1935 Mackenzie alitoa Scottish Folk-Lore and Folk Life, kitabu alichokiandikia watu wazima, ambamo alimlinganisha ajuza huyo na Artemi wa Wayunani. Humo ushahidi umejadiliwa, visa vya wilaya mbalimbali vimetenganishwa, na kumbukumbu za Cromarty zimepewa nafasi yake. Ni kazi bora kuliko ile ya 1917, na ni jambo la kusikitisha kwamba ndiyo isiyosomwa. Mwaka huo huo Ayalandi iliunda tume ya taifa ya mapokeo simulizi, iliyowatuma wakusanyaji wa kudumu vijijini. Uskoti ilisubiri hadi 1951, ilipoanzishwa taasisi ya taaluma za Kiskoti katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na kunasa sauti kukawa kazi ya kila siku. Mackenzie hakuuona wakati huo. Alifariki Edinburgh tarehe 2 Machi 1936, akazikwa Cromarty.

Beira alibaki. Katharine Briggs, katika kamusi yake ya viumbe wa masimulizi ya mwaka 1976, alimtegemea Mackenzie kwa habari za ajuza na za Annie, na kwa njia hiyo simulizi la 1917 likaingia katika vitabu vya marejeo. Gearóid Ó Crualaoich wa Cork, mwaka 2003, alirudi kwenye masimulizi ya Kiayalandi yaliyokusanywa kwa mafanani na kumwonyesha ajuza ambaye zaidi ni mwenye hekima, mwenye ardhi na mwenye umri, kuliko mwenye theluji. Ronald Hutton wa Bristol, katika kitabu chake cha 2022 juu ya wanawake wa kimungu katika Ulaya ya Kikristo, alimhesabu ajuza huyu miongoni mwa wahusika waliokua baada ya Ukristo kuingia, si kabla yake. Hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo, haipasi kusomwa kana kwamba Wagaeli hawakuwa na ajuza wa baridi hadi mwandishi wa gazeti alipowapa; orodha ya dhoruba iliyohifadhiwa na mchungaji wa Tiree inatosha kuipinga tafsiri hiyo.

Katika bonde la Glen Lyon, Perthshire, kipo kijumba cha mawe kiitwacho Tigh nam Bodach. Ndani yake mna mawe yaliyosuguliwa na maji, yanayoitwa ajuza, mzee na binti. Kwa desturi ya mahali hapo mawe hayo hutolewa nje mwezi Mei na kurudishwa ndani mwezi Novemba, majira ambayo mifugo nayo ilipelekwa na kurudishwa kutoka malisho ya milimani. Bonde dogo la pembeni ambamo kijumba hicho kimo huitwa kwa Kigaeli Gleann Cailliche, bonde la ajuza.